Rabai: kijiji cha Warabai au kijiji cha wakimbizi?

#1 Msafiri_wa_Mazeras
Hamjambo wadau. Swali langu ni refu kidogo, nivumilieni.

Majuzi tulikuwa na msiba Kisurutini, huku kwetu Rabai, kaunti ya Kilifi karibu na Mombasa. Baada ya maziko, mzee mmoja alisimama uani akaanza kuita mbari moja moja, apange nani atakaa wapi kwenye hanga. Akaita huyu, akaita yule, watu wanasogea na mikeka yao. Alipotufikia akatua, akafuta jasho, akasema: "Na hawa wa misheni, hapo chini ya mwembe." Basi. Familia nzima, watu thelathini na ushei, mbari yetu ni mwembe.

Sikukasirika, lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Mimi nimezaliwa Rabai, baba yangu pia, na babu yangu pia. Nasema Kirabai kuliko vijana wengi wa hao walioitwa kwa mbari. Nimeanza kusoma hapa na pale na nimefika mahali pa kudai hivi: Rabai tunayoiona leo, kile kijiji chenye kanisa, makumbusho na shule, si kijiji cha Warabai. Kilijengwa na kujazwa na watoro waliokimbia mashamba ya watumwa ya pwani. Warabai wenyewe walikuwa ndani ya kaya, ule mji wa jadi wa wazee, msituni.

Wenye kujua wanirekebishe.

#2 Kaka_Tudor
Natandika mkeka hapa. Chini ya mwembe.

#3 Mgema_Mstaafu
Mwanangu, umeanza vizuri ukamalizia vibaya.

Hiyo kaya unayoisema "msituni" ndiyo kijiji chenyewe. Kaya ya mahali pale inaitwa Mudzi Muvya, yaani mji mpya. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipoandika "Rabbai Mpia" alikuwa anatafsiri jina alilolikuta. Sasa jiulize: ukiwa na mji mpya, si lazima kuwe na wa zamani? Upo. Kaya Bomu, na bomu kwetu ni kubwa. Kuna Fimboni pia. Watu walitoka kaya hadi kaya wakati Krapf hajazaliwa.

Na Krapf hakuvamia. Alikuwa Mombasa tangu 1844, na mkewe Rosine akafia huko mwaka huohuo, kaburi lake liko Nyali. Mmisionari mwenzake Rebmann alipomfikia mwaka 1846 ndipo wakapanda Rabai, mwezi wa Agosti, wote wawili wana homa, wana punda mmoja wa kupokezana. Wazee wa kaya ndio waliowaruhusu. Mtu anayekupa ruhusa ya kukaa ndiye mwenye mji. Hao watoro wako walikuja miaka mingi baadaye.

#4 Msafiri_wa_Mazeras
Shikamoo mzee. Nakubali kaya ilikuwepo. Lakini nimesema *kijiji tunachokiona leo*. Kaya leo haina anayelala ndani.

#5 Mgema_Mstaafu
Marahaba. Haina anayelala ndani, ina wanaozikwa. Wewe utazikwa wapi?

#6 Kaka_Tudor
Ooooh 😂 mzee kaja na kotama mkononi.

#7 Binti_Kengele
Mimi ni wa Frere Town upande wa mama, kwa hiyo hili jambo linanihusu. Mnachanganya watu wa aina mbili au tatu chini ya neno moja la "misheni".

Wa kwanza ni wale waliotoka India. Watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walipelekwa Bombay, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, wakarudishwa Afrika. Mwaka 1864 wachache wao walitumwa Rabai kumsaidia Rebmann, ambaye macho yalikuwa yanamwishia. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Myao, na Ishmael Semler. Hawa hawakukimbia shamba la mtu. Walikuja wamevaa viatu, wanasoma Kiingereza, na wengine Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga.

Wa pili ni wa Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioshushwa na manowari za Uingereza. Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila kabila. Ndio wa ile kengele maarufu ya Frere Town.

Wa tatu ndio watoro halisi, waliotoroka kwa miguu yao kutoka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, na hao ndio waliojaa Rabai. Hakuna manowari iliyowaokoa. Walisikia kuna kilima ambako mtu hakamatwi, wakatembea usiku.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya kusema "sisi watoro" ulizia kwanza babu yako alikuwa yupi. Tofauti yao ilikuwa kubwa. Wa Nasik walikuwa walimu na makatekista, watoro walikuwa wanafunzi na walimaji. Bibi yangu hadi anakufa alikuwa anasema "sisi si watoro", kama vile mtu anavyosema "sisi si wezi".

#8 Pwani_Mchanganyiko
Huyo Jones ndiye aliyekuwa na Askofu Hannington safari ya Uganda 1885. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones akawarudisha waliobaki kwa miguu. Februari 1886 wakaingia Rabai na bendera ya buluu iliyoandikwa ICHABOD, neno la Biblia la kusema utukufu umeondoka. Fikiria uko shambani unapalilia mihogo unaona hiyo bendera inapanda kilima.

#9 Ukoo_wa_Jomvu
Assalaam alaykum. Sisi wa Jomvu Kuu tuko chini ya kilima hicho, ukitoka Mombasa kwa mashua mkono wa bahari unakuleta kwetu kwanza, ndipo unapanda Rabai. Wazee wetu walifanya biashara na Warabai kabla ya kanisa kuwepo: pembe, sandarusi, nafaka, tembo (la mnazi, si la pembe, ingawa na hilo lilikuwepo 😄).

Jambo mnaloliruka ni kwamba watoro walikuwa mali ya watu. Naomba nieleweke, sitetei utumwa. Nasema tu wenye mashamba walikuwa majirani zetu na jamaa zetu, na kila mtumwa aliyepanda kilima ilikuwa hasara, nao walitishia mara kadhaa kwenda kuwachukua kwa nguvu. Mwishoni mwa 1888 ndipo Mackenzie, wakala wa Kampuni ya IBEA (kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki), akaona moto utawaka, akawalipa wenye watumwa fidia. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watoro 1,400 wa Rabai walipewa vyeti vya uhuru.

#10 Binti_Kengele
Waalaykum salaam. Marekebisho madogo: hao 1,400 na zaidi hawakuwa wa Rabai peke yake. Ni jumla ya watoro wa vituo vya misheni. Rabai ilikuwa na fungu kubwa kuliko vingine, lakini usiwapandishe wote kilimani.

#11 Ukoo_wa_Jomvu
Nimekubali, ahsante. Hata nusu tu, kwa kijiji cha wakati ule ni mji mzima.

#12 Msafiri_wa_Mazeras
Hapo ndipo ninapotaka kufika! Kaya nzima ilikuwa na nyumba ngapi? Ukiongeza mamia ya watu kwa mkupuo, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni?

#13 Mgema_Mstaafu
Mwenyeji ni mwenye minazi.

Nieleze, maana vijana wa mjini hawajui. Kwetu shamba na mnazi ni vitu viwili. Mtu anaweza kulima chini na mnazi wa juu ukawa wa mtu mwingine. Unauza minazi kumi ukabaki na ardhi, au unaweka rehani minazi kwa ajili ya mahari na bado unalima muhogo chini yake. Watoro walipokuja walipewa mahali pa kulima na misheni. Lakini ile minazi mirefu, ile yenye ngazi zilizochongwa na wagema wanne kabla yangu, ilikuwa na wenyewe. Mimi nimegema miaka ishirini na sita, kupanda asubuhi, kupanda jioni. Nakuambia kila mnazi nilioupanda nilijua ni wa mbari gani. Na mara chache sana nikaambiwa "huu ni wa mtu wa misheni".

#14 Kaka_Tudor
Mzee huo utafiti ungeandikiwa kitabu. "Sensa kutoka juu ya mnazi."

#15 Mrombo_Halisi
Habari za Kenya. Nimepita tu kutoka upande wa pili wa mpaka. Naona mnagombania nani mwenyeji wa Rabai, na mimi nimekuja kudai kilicho changu. Si Krapf huyohuyo aliandika kwamba Warabai walimwambia wametoka Rombo, Uchagani? Nyie ni ndugu zetu mliopotea njia mkienda kununua chumvi. Rudini nyumbani, ndizi zimeiva, mbege ipo.

#16 Mgema_Mstaafu
😂😂 Mbege! Kinywaji cha kutafuna.

#17 Mrombo_Halisi
Afadhali ya kutafuna kuliko cha kupanda mti ndipo unywe.

#18 Pwani_Mchanganyiko
Acheni utani, alichosema Mrombo ni kweli kimeandikwa. Krapf alirekodi habari hiyo ya Rombo. Lakini sisi Mijikenda, Warabai na ndugu zao wa pwani, tulifundishwa nyumbani na shuleni kwamba makabila yetu yote tisa yalitoka Singwaya, huko kaskazini upande wa Somalia ya leo, tukafukuzwa na Wagalla (Waoromo), tukashuka pwani tukajenga kaya. Hiyo ndiyo historia.

#19 Mwalimu_Sabaki
Hiyo ni *historia mojawapo*, Pwani. Mwanahistoria Thomas Spear aliyachukua mapokeo ya Singwaya kwa uzito na kuyajengea hoja. Mwenzake Fred Morton kabla yake alikuwa amesema hapana, hadithi hiyo kwa Mijikenda ni ya baadaye, maandishi ya kina Krapf ya katikati ya karne ya 19 hayaioneshi kwao. Walioulizwa wakati ule kila kundi lilitaja kwake: huyu Rombo, yule kwingine. Hata jina "Mijikenda" lenyewe lilishika miaka ya 1940. Kabla ya hapo mlikuwa mnaitwa Wanyika, jina ambalo hamkulipenda, na mlikuwa na haki.

Lakini Mrombo asifurahi mapema. Lugha inamkana. Kirabai ni ndugu wa tumbo moja na Kigiriama, Kichonyi, Kiduruma, na wote ni kundi moja na Kiswahili na Kipokomo. Kirombo ni cha Kichagga. Mtu wa Kisurutini akisema na mtu wa Mkuu Rombo kila mmoja kwa lugha ya mama yake, wataishia kuonyeshana vidole. Kama Warabai wote wangetoka Rombo, tungeona alama.

#20 Mrombo_Halisi
Mwalimu umeniharibia siku.

#21 Binti_Kengele
Subiri kidogo, Mwalimu. Lugha inaonyesha watu wanasema nini leo, haionyeshi miguu yao ilitoka wapi. Angalia mleta uzi: huenda babu yake alikuwa Myao au Mnyasa, yeye anasema Kirabai safi. Baada ya vizazi viwili hakuna Kiyao kilichobaki, labda jina moja la mtoto. Sasa mtu aje baada ya miaka mia tatu, achunguze lugha ya familia yake, aseme "hawa hawajawahi kutoka kusini". Atakuwa amekosea.

Kwa nini isiwezekane watu wachache wa Rombo walikuja na misafara ya pembe, wakaoa, wakapata sauti kwenye kaya, na hadithi yao ikawa ya wote?

#22 Mwalimu_Sabaki
Inawezekana. Siwezi kukanusha. Njia ilikuwepo: Rebmann aliondoka Rabai mwisho wa Aprili 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei alikuwa anautazama Kilimanjaro. Wiki mbili tu, na kiongozi wake alikuwa anaijua njia. Njia haijulikani hivyo bila watu kuipita mara nyingi. Ila kutoka "watu wachache" hadi "Warabai wametoka" ni ngazi ndefu.

#23 Ukoo_wa_Jomvu
Na kuna la nne ambalo hamtaji: mtu anapoulizwa na mgeni "mmetoka wapi?", anajibu kulingana na anayeuliza. Wazungu wale walikuwa wanahangaika na habari za bara, milima na maziwa. Mzee akaona anachotaka mgeni, akampa.

#24 Mgema_Mstaafu
Huyo wa Jomvu ndiye anatujua. Na sisi tunamjua.

#25 Karani_wa_Kishikwambi
Nimesoma kurasa zote hizi nikisubiri mtu aseme idadi. Kichwa cha uzi kinauliza kijiji ni cha nani, na hakuna aliyeuliza kiko na watu wangapi. Nilihesabu watu upande huo mwaka 2019, kishikwambi mkononi na chaki ya kuandika namba mlangoni, kwa hiyo hapa niacheni nitambe.

Sensa ya 2019: kaunti ndogo ya Rabai watu 120,813. Sensa ya 2009, kwa mipaka ya eneo bunge la Rabai: watu 97,185. Ongezeko ni kama asilimia 24 kwa miaka kumi.

Kaunti yote ya Kilifi ilitoka 1,109,735 ikafika 1,453,787. Hiyo ni asilimia 31. Nchi nzima ni kama asilimia 23.

Yaani Rabai, ambayo iko karibu na Mombasa kuliko sehemu nyingi za Kilifi, imekua polepole kuliko kaunti yake. Mimi nilitarajia kinyume. Mahali palipo karibu na jiji si ndipo pangejaa?

Na jihadharini, Rabai hiyo ya takwimu si kijiji. Ni pamoja na Ruruma, Mwawesa, Kambe na Ribe, na Rabai/Kisurutini yenyewe. Mtu akikwambia "Rabai ina watu laki na ishirini" usifikirie wote wanachota maji pale kanisani.

#26 Kaka_Tudor
Kwa sababu wanahama. Hesabu Warabai wangapi wako Changamwe, Mikindani, Miritini, Magongo. Mimi peke yangu mtaani kwangu najua sita, na mmoja ananidai.

#27 Pwani_Mchanganyiko
Mwingine ana nyumba mbili. Chumba cha kupanga Mikindani karibu na kazi ya bandarini, na nyumba ya bati Rabai ya mke na watoto. Jumatatu mpaka Ijumaa ni mtu wa Mombasa. Jumamosi ni Mrabai.

#28 Karani_wa_Kishikwambi
Naam! Na sensa yetu inamhesabu mtu alikolala usiku ule, si kwao. Sasa tazameni hili, nililigundua nikiwa nakunywa chai: usiku wa sensa 2009 ulikuwa tarehe 24 Agosti, Jumatatu. Mwaka 2019 pia tarehe 24 Agosti, lakini Jumamosi.

Kwa hiyo 2009 wanaume wa bandarini walihesabiwa mjini, na 2019 wengi walikuwa wamepanda nyumbani. Kama ni hivyo, lile ongezeko la asilimia 24 lenyewe limevimbishwa na Jumamosi! Ukuaji wa kweli uko chini zaidi.

#29 Mwalimu_Sabaki
Hoja tamu, lakini hujaipima. Hujui ni wangapi walipanda wikendi ile. Wengine walibaki mjini makusudi kwa sababu ya sensa, kulikuwa na maneno mengi kwamba ukihesabiwa mjini ndipo mtaa upate hela.

#30 Karani_wa_Kishikwambi
Na wengine waliambiwa nendeni mkahesabiwe nyumbani kaunti isikose mgao. Maneno yalikuwa pande zote mbili. Lakini nakubali, sijapima.

#31 Mgema_Mstaafu
Usiku huo serikali ilifunga baa saa kumi na moja jioni. Mangweni kwetu, pale pa kunywea tembo, hapakufungwa kitu, tulizima taa tu. Karani akatukuta saa nne usiku, watu kumi na mmoja kwenye giza, kila mtu ameshika kata yake kimya kama kanisani. Akauliza, "Wangapi wanalala hapa?" Mmoja akajibu, "Inategemea na mnazi."

#32 Karani_wa_Kishikwambi
Mzee!! Ulikuwa wewe?? 😂😂 Nilikataa kuwaandika. Niliwaambia kila mtu aende kwake akahesabiwe na mkewe.

#33 Mgema_Mstaafu
Ndiyo maana Rabai inakua polepole. Wewe ndiye umetupunguza.

#34 Kaka_Tudor
Uzi umefungwa, jibu limepatikana 😂

#35 Mama_Ruruma
Nimecheka lakini naomba turudi. Mimi ni wa Ruruma, na nadhani mnatafuta sababu mbali. Ardhi imekwisha. Baba alikuwa na ekari nne, akawagawia wana watano, ile ekari moja moja isiyotimia haitoshi hata mahindi ya kula. Sehemu nyingine imeuzwa kwa watu wa mjini wanaoweka ukuta wa mawe na mlinzi mmoja, wenyewe hawalali huko. Ukuta mrefu, mtu mmoja ndani. Sasa hiyo nayo mtu anaiita maendeleo ya kuwa karibu na jiji.

Na jina letu tunalisikia redioni stima ikipotea nchi nzima, eti kuna hitilafu laini ya Rabai. Nguzo zinapita juu ya nyumba yangu. Mimi nawasha taa ya sola.

#36 Msafiri_wa_Mazeras
Mama Ruruma umesema kitu. Ardhi. Maana hata hilo la mbari na mwembe, nikifikiria, halikuwa la historia. Ndugu wa marehemu walikuwa wanazozana kuhusu mpaka wa shamba tangu mwezi uliopita. Mzee alipotutenga alikuwa anawaambia wasikilizaji wengine nani ana haki ya kusema kuhusu ule mpaka.

#37 Mgema_Mstaafu
Sasa umeanza kukua.

#38 Pwani_Mchanganyiko
Lakini bado. Msafiri, kama mmekaa hapo tangu 1889 au kabla, kizazi cha tano au cha sita, na bado ni "hawa wa misheni", mtakuwa Warabai lini? Wanaosema wametoka Singwaya nao si wanakiri walikuja? Ni nani aliyeota pale kama uyoga?

#39 Mgema_Mstaafu
Kuja kuna tofauti na kuja. Sisi tulikuja tukazika fingo, ile dawa ya kulinda mji. Kaya bila fingo ni msitu tu. Mwenye fingo ndiye mwenye mji. Na UNESCO mwaka 2008 hawakuja kuorodhesha mwembe, waliorodhesha kaya.

#40 Binti_Kengele
Mzee, kwa heshima zote, na makumbusho ya pale yamewekwa kwa ajili ya Krapf na kanisa. Wageni wakija na mabasi wanatembezwa kanisani, kaya inaachiwa wanafunzi wa chuo. Mzee ana UNESCO, Msafiri ana mabasi. Mko sare.

Ila kuna jambo linanikera katika zote mbili. Ukienda kwenye yale makumbusho utajua Krapf alikuwa na homa lini, utajua Injili ya Luka kwa Kinika (lugha ya hao Wanyika) ilipigwa chapa Bombay 1848. Yule Mrabai aliyekuwa anakaa naye siku nzima anamwambia "neno hili kwetu ni hivi, si hivyo" anabaki kivuli. Watoro nao ni namba: 1,400. Kila mmoja alipewa cheti kimeandikwa jina lake. Viko wapi vyeti hivyo? Kuna mtu humu ana kimoja kabatini?

#41 Ukoo_wa_Jomvu
Swali zuri. Kwetu kuna familia wana karatasi za fidia, hawazitoi. Aibu.

#42 Mrombo_Halisi
Nimerudi. Nimemuuliza babu yangu wa Mkuu, ana miaka tisini. Nikamwambia kuna watu pwani ya Kenya wanasemekana walitoka Rombo. Akafikiri sana, akasema: "Walichukua ng'ombe wa nani?"

#43 Mwalimu_Sabaki
😂 Hapo nimeshindwa. Babu ameongeza nadharia ya tano.

#44 Msafiri_wa_Mazeras
Wadau, nimechelewa kurudi, nilikwenda Rabai Jumapili. Nilimkuta shangazi yangu mkubwa, anakaribia miaka themanini na tano, anachambua mchicha. Nikamuuliza wazi: shangazi, sisi ni nani?

Hakunijibu. Aliinuka akachukua mkongojo wake, akanipeleka nyuma ya nyumba, tukapita choo, tukapita mpaka wa jirani, mpaka kwenye mnazi mmoja mrefu umeinama kuelekea bondeni. Ngazi zake zimechongwa mpaka juu, za chini zimeziba kwa uzee hata kidole hakiingii. Akaupiga kwa mkongojo: "Huu baba wa babu yako aliupokea kwa Mrabai, malipo ya kumfundisha mwanawe kusoma. Mnazi mmoja, mtoto mmoja."

Nikamuuliza, alikuwa wa Nasik au mtoro? Akasema, "Alikuwa mwalimu." Nikamuuliza kabila lake. Akasema jina ambalo sikulisikia vizuri, nikamwomba arudie, akasema amesahau. Sijui kama alisahau kweli.

#45 Binti_Kengele
Ukimwona tena, mwulize jina tu la huyo baba wa babu. La kuzaliwa, si la ubatizo.

#46 Msafiri_wa_Mazeras
Nilimuuliza. Alinipa la ubatizo.

#47 Mgema_Mstaafu
Mnazi ulioinama kuelekea bondeni, nyuma ya choo, mpaka wa jirani ni mkorosho?

#48 Msafiri_wa_Mazeras
Ndiyo!! Umeujuaje?

#49 Mgema_Mstaafu
Nimeupanda. Tembo lake lilikuwa jepesi, tamu, la kuanzia asubuhi. Niliambiwa ni wa mtu wa misheni. Katika ile "mara chache sana" niliyoisema, huo mmoja. Nani anaugema siku hizi?

#50 Msafiri_wa_Mazeras
Hakuna, mzee. Kijana aliyekuwa anaugema amekwenda Mikindani, anaendesha boda.

#51 Karani_wa_Kishikwambi
Alihesabiwa wapi?